Tafuta kwanza mpiga besi: namna ninavyoandaa msimu wa muziki wa Baroko Kampala

Kila anayenijia akitaka kuanzisha msimu wake wa muziki wa kale wa Ulaya, awe wa Jinja, Mbarara au hapahapa Kampala, huanza na swali lilelile: waimbaji wazuri nitawapata wapi? Waimbaji Uganda hawajawahi kuwa haba. Simama Jumapili asubuhi kati ya kilima cha Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana, na kilima cha Rubaga, penye la Wakatoliki, utawasikia pande zote mbili. Kilicho haba ni watu wawili wa kushika sauti ya chini, na bila hao usichapishe hata tangazo moja.

Mimi napiga chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito inayoshikwa katikati ya magoti. Nimekulia kambi ya polisi Nsambya, baba yangu akiwa askari wa bendi, na Kiswahili hiki ninachoandika ndicho tulichozungumza pale kambini, watoto wa kila kabila. Nimeshaandaa misimu mitano. Miwili ya kwanza ilinitoa machozi kwa sababu nilianzia juu: nilikusanya kwaya ya watu arobaini, nikapata wapiga fidla, halafu zikiwa zimebaki wiki tatu ndipo nikaanza kuulizia nani atakaa kwenye kinanda. Ninayoyaeleza hapa ni njia niliyoifuata tangu msimu wa tatu.

Watu wawili wa chini

Muziki wa Baroko, yaani ule wa tangu mwaka 1600 hivi hadi 1750 alipofariki Johann Sebastian Bach, umejengwa juu ya mstari wa chini usiokoma. Waitaliano wanauita basso continuo. Chelo inaupiga mstari huo kama ulivyo. Mtu wa kinanda anausoma mstari uleule kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia anajaza sauti za juu yake akifuata tarakimu ndogo zilizoandikwa kando ya nota. Hakuandikiwa kila kitu. Ameachiwa nafasi ya kubuni.

Tarakimu hizo huwatisha watu bure. Chukua kipande cha D meja, yaani D ndiyo do. Nota ya chini ni D na haina tarakimu: piga D, F shapu (F iliyopandishwa nusu sauti) na A. Nota ya chini ikiwa F shapu na ina 6, hesabu sita kuanzia hapo, utafika D. Basi piga F shapu, A na D. Ukiona 4 ikifuatwa na 3, ishikilie ile sauti ya nne kidogo kisha iteremshe hadi ya tatu, kama kwaya inavyoteremka kwenye Amina. Hayo matatu, ukiongeza na 7, yatakufikisha mbali sana.

Mpiga kinanda wangu alikuwa hajawahi kuziona tarakimu hizo. Alikuwa amepiga kinanda cha kanisa kwa sikio tangu akiwa na miaka kumi na miwili, akimfuata mchungaji anayeanzisha wimbo kwa ufunguo wowote (mahali do inapoanzia) unaomjia. Mtu wa namna hiyo ndiye unayemtaka. Aliyepitia piano ya mitihani peke yake huogopa kupiga kisichoandikwa, na wa kanisani huogopa kusoma. Kwa uzoefu wangu huyu wa pili hufundishika upesi zaidi, kwa sababu sikio lake limeshajua sauti inataka kwenda wapi. Tulikaa kila Jumanne na Alhamisi jioni kwa miezi mitatu, chelo na kinanda tu, tukipiga mistari ya besi bila kitu chochote juu yake. Majirani walizoea. Mwezi wa tatu nilipochelewesha nota mwishoni mwa sentensi, naye alichelewa pamoja nami bila kuniangalia. Hapo nikajua msimu upo.

Wakishashikana wawili hawa, tazama unachoweza kufanya. Ongeza mwimbaji mmoja, una onyesho. Ongeza fidla mbili, una sonata, vipande vya vyombo bila waimbaji, za Mwitaliano Arcangelo Corelli, ambaye alichapisha kumi na mbili za kwanza Roma mwaka 1681. Watu wanne wanajaza jioni nzima, na nauli yao unaimudu. Nota za muziki huu zimeshatoka kwenye hakimiliki, nyingi zinapakuliwa bure kwenye intaneti. Ila angalia: unachokipakua kikiwa kimehaririwa na mtu wa leo, kazi yake huyo bado ni mali yake.

Hapsikodi halisi usiihangaikie mwanzoni. Ni kinanda cha kale cha nyuzi, cha mbao nyembamba, ambacho sauti yake inayumba kila hewa ikibadilika, na hewa yetu hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Kinanda cha umeme chenye sauti ya hapsikodi kinatosha, mradi spika yake iwekwe karibu na chelo, ielekee wapigaji, sauti ikiwa ndogo. Wengi huiweka mbele kama ya mahubiri na kuharibu kila kitu.

Utasikia pia habari za 415. Wapigaji wengi wa Baroko hushusha A, nota ya kulinganishia sauti za vyombo vyote, hadi hezi 415 (mitetemo 415 kwa sekunde), karibu nusu sauti chini ya 440 tunayotumia siku hizi. Kinanda cha umeme kinashuka kwa kitufe. Fidla na chelo hushuka kwa kulegeza nyuzi, ukizipa siku mbili tatu zitulie. Filimbi na tarumbeta za kisasa hazishuki. Kwa hiyo mimi hufanya hivi: jioni ya nyuzi na sauti za watu peke yake tunapiga kwa 415, na soprano, wanawake wa sauti za juu, hushukuru kwelikweli, jioni yenye tarumbeta tunabaki 440. Usichanganye mbili hizo katika usiku mmoja.

Kalenda

Mvua kubwa hapa kusini ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mei nzima kwaya nyingi zinajiandaa kwa Siku ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, pale Namugongo, na mwalimu wa kwaya hatakupa hata waimbaji wanne. Baada ya Desemba 20 watu wanafunga safari kwenda kijijini. Ukiondoa hayo yote, unabaki na Januari na Februari, mwisho wa Juni hadi Agosti, na nusu ya kwanza ya Desemba. Mimi hufanya maonyesho manne: Februari, mwisho wa Juni, Agosti, na Jumapili ya kwanza au ya pili ya Desemba.

Somo la mvua nililipata kwa uchungu. Msimu wa kwanza niliweka onyesho Aprili, kwenye kanisa moja lenye paa la mabati lisilo na dari. Tulikuwa katikati ya sehemu ya polepole, fidla mbili zikipokezana sauti ndefu juu ya besi yangu, mvua ikaanza. Kwanza matone machache, kama mtu anamwaga maharage kwenye sinia. Halafu ikashuka yote. Nilikuwa nasukuma upinde kwa nguvu zangu zote na sijisikii mwenyewe. Nilimwona mpiga fidla wa kwanza akiangalia vidole vyangu ajue tumefika wapi. Tulisimama. Wasikilizaji waliimba nyimbo za kitabuni kwa karibu dakika arobaini mpaka mvua ilipokatika, na walipomaliza, robo yao walikuwa wameshaondoka kuwahi kabla barabara hazijajaa maji. Tangu siku ile sipangi kitu chochote Aprili, hata nikipewa ukumbi bure.

Ukumbi wenyewe uchunguze hivi. Nenda siku ya kazi, simama mahali watakapokaa wapigaji, piga kofi moja, halafu sikiliza. Sauti ikibaki hewani muda wa kusema "asante sana", kwaya itang'aa lakini nota za haraka za fidla zitagongana na kuwa uji. Hapo panga nyimbo za polepole za karne ya 16, kama za Mwitaliano Palestrina, ambazo zilitungwa kwa makanisa ya namna hiyo. Sauti ikifa mara moja, weka wapigaji karibu na ukuta wa matofali, si mbele ya pazia. Kuta za matofali na paa la vigae ndizo ninazozipenda. Kisha rudi Jumapili saa kumi na moja jioni, maana kelele za Jumapili si za Jumanne. Utagundua kama jirani kuna bustani ya sherehe za kwanjula, za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, zenye spika tangu mchana.

Saa kumi na moja jioni nimeichagua kwa sababu. Sala ya Alasiri imeshapita, kwa hiyo Waislamu wangu hawakosi, na mimi nina wapiga fidla wawili Waislamu kutoka Bombo. Kipindi cha kwanza dakika arobaini, mapumziko mafupi, cha pili dakika arobaini. Kabla ya Magharibi tumemaliza. Jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, hivyo saa hiyo inafaa Februari kama inavyofaa Desemba. Mama mwenye watoto anapanda taksi, ile ya abiria wengi, kungali na mwanga. Na umeme ukikatika, tunaendelea na mwanga wa madirishani, kinanda kikiwa kimeunganishwa na betri.

Kwaya na sol-fa

Kwaya nyingi hapa husoma sol-fa, yaani do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi, si nota za mistari mitano. Usiwadharau kwa hilo wala usijaribu kuwabadilisha ndani ya mwezi mmoja. Waandikie. Nimekaa usiku mwingi nikinakili kwa mkono nyimbo za kwaya za Handel, mtungaji wa Baroko, na naona ile kazi ndiyo iliyonifundisha muziki wenyewe. "Haleluya" yake inaanza do, so, la, so. Kila mtoto wa kanisani anaijua kabla hajaiona. Shida inakuja kwenye mbio za sauti, pale silabi moja inapobeba nota kumi na sita au zaidi. Kwenye sol-fa ya kawaida zinabanana mpaka macho yanapotea. Mimi huziandika mbio hizo kwa herufi kubwa, mapigo mawili kwa mstari, na kuweka alama nyekundu mahali pa kuvuta pumzi. Ufunguo unapohama, napigia mstari nota ya kuhamia na kuandika majina yake mawili, la zamani na jipya, moja juu ya lingine.

Mazoezini usimruhusu mtu wa kinanda awapigie waimbaji sauti zao. Watamtegemea. Napiga besi peke yake kwenye chelo, polepole, nao wanaimba kwa vokali tupu, "a" mpaka mwisho. Sauti ya tatu ikipotea, hairudi kwa kufuata jirani yake. Inarudi kwa kusikiliza chini. Jioni ya kwanza huwa ngumu na wengine hununa. Wiki ya tatu hawataki tena kinanda.

Kuhusu lugha: imbeni kwa lugha ya mtungaji, na karatasi ya wasikilizaji iwe na maneno kwa Kiswahili na Kiganda. Kilatini Wakatoliki wanacho tayari. Kijerumani ndicho kinachohitaji mwalimu, na mwalimu huyo mtafute mapema.

Kwa Agosti, wanafunzi wakianza likizo, ninapenda "Dido and Aeneas", opera ya Henry Purcell kuhusu malkia Dido. Ina urefu wa saa moja hivi, na onyesho lake la kwanza linalojulikana lilifanywa katika shule ya wasichana Chelsea, London, kufikia mwaka 1689. Shule zetu za wasichana zina sauti za kuiweza. Mwishoni Dido anaimba kifo chake juu ya besi ya mizani tano, inayoteremka nusu sauti kwa nusu sauti, na besi hiyo inarudi mara kumi na moja. Chelo haifanyi kingine chochote. Ukiipiga, usiibadilishe kila inaporudi ukidhani wasikilizaji wamechoka. Iache iwe ileile, mwimbaji ndiye anayesogea. Siku moja alikuja mazoezini mzee anayepiga amadinda, ile marimba ya Buganda yenye mbao kumi na mbili inayopigwa na watu watatu. Alikaa kimya mpaka tukamaliza. "Mwanangu," akaniambia, "huyu bwana anazunguka kama sisi." Akanionyesha kwa vijiti viwili juu ya benchi namna mzunguko unavyoshikiliwa bila kuuharakisha hata kama mwenzako anapiga katikati ya mapigo yako. Nimeipiga ile besi tofauti tangu siku hiyo.

Juni, mwezi wa Mashahidi, huwa naweka vipande vya oratorio za Handel, yaani hadithi za dini zinazoimbwa bila kuigizwa, kwa sababu umbo hilo lina historia hapa kwetu: Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Februari ni sonata, watu wanne. Desemba ni kwaya, pamoja na konseto, kipande cha kundi la vyombo vya nyuzi, ya Corelli aliyoandika kwa ajili ya usiku wa Krismasi, ya nane katika mkusanyo wake wa sita uliochapishwa mwaka 1714, yeye akiwa ameshafariki. Mateso ya Bach, zile kazi zake kubwa za kuimba mateso ya Yesu, najua utayatamani. Subiri msimu wa nne.

Tarumbeta

Handel wa shangwe, kama "Haleluya", hachezeki bila tarumbeta, na tarumbeta ziko kwenye bendi za polisi, magereza na jeshi. Peleka barua kwa mkuu wa bendi kwanza, yenye tarehe zote za mazoezi, ndipo uongee na wapigaji. Mimi nilienda mwenyewe, nikasimama mlangoni kama nilivyofunzwa utotoni.

"Jambo afande. Naomba tarumbeta mbili na mtu wa ngoma, Desemba."

"Wewe ni binti ya nani?"

Nilipomtajia baba alinyamaza, kisha akauliza kama ile yufoniamu ya mzee, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, bado ipo. Ipo, juu ya kabati nyumbani. Nilipata tarumbeta mbili.

Tahadhari moja: sehemu za tarumbeta za Handel kwenye D meja mara nyingi zimeandikwa kwa tarumbeta ya D, na askari wetu wanapiga za B fleti. Waandikie upya, kila nota ikipanda sauti mbili kamili, la sivyo mazoezi yote yataishia kwenye hesabu.

Pesa

Katika mji wa Lübeck, Ujerumani, mpiga ogani Dieterich Buxtehude alikuwa na maonyesho ya jioni kanisani, Jumapili kadhaa kabla ya Krismasi. Watu waliingia bure, na wafanyabiashara wa mji ndio waliogharamia. Mwaka 1705 Bach, kijana wa miaka 20, alitembea kwa miguu karibu kilomita 400 kutoka Arnstadt kwenda kumsikiliza, na aliyeomba likizo ya wiki nne alikaa huko miezi. Mimi nimeiga mpango wa Lübeck. Sehemu kubwa ya viti ni bure, safu tatu za mbele zinalipiwa shilingi 30,000 kwa pesa za simu, na kwa gharama zilizobaki nawaendea wenye maduka mmoja mmoja. Siwaombi pesa za "muziki". Naomba kitu kimoja chenye jina: viti mia moja na hamsini vya kukodi, au chai ya wapigaji, au karatasi za kuchapisha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amenilipia viti misimu mitatu, na kila onyesho anakuja kuvihesabu.

Nauli na chakula usivipunguze kamwe. Kata maua, kata mabango. Mpigaji aliyetoka Mukono kwa taksi mbili na akapewa soda tupu, zoezi la pili haji.

Siku yenyewe

Chelo usiipandishe bodaboda, hata safari ya dakika tano. Lipa viti viwili kwenye taksi. Vyombo vifike masaa matatu kabla ya onyesho ili vizoee hewa ya ukumbi, na visiwe kwenye jua la dirishani; mwaka juzi gundi ya ubavu wa chelo yangu iliachia kwa sababu niliiacha kwenye gari dakika ishirini. Vigingi vya kukazia nyuzi vikiteleza, vitoe kimoja kimoja ukavipake chaki. Vikigoma kugeuka, sabuni kavu. Beba vyote viwili mfukoni pamoja na vibanio vya nguo vya kushikia karatasi, maana jioni upepo wa ziwani hupanda mpaka kilimani. Nyuzi za utumbo wa kondoo ni tamu masikioni lakini unyevu unazichosha. Kwa msimu wa kwanza tumia za kawaida.

Linganisheni sauti za vyombo nje ya macho ya watu, kisha mara moja tena mbele yao, kimya. Mwambie mlinzi wa kanisa saa ya kuanza na ya kumaliza, na mpe karatasi ya nyimbo kama mgeni yeyote. Wapigaji walipwe kabla hawajafunga vyombo, bahasha ikiwa na jina, kila mmoja mkononi mwake. Mimi hubaki mwisho na mpiga kinanda wangu, tunakunja nyaya, tunapanga benchi zilivyokuwa, na ufunguo unarudi kwa mlinzi usiku uleule. Tukiwa bado mlangoni tunaandika kwenye daftari mahali ambapo besi iliharakisha.